Lenzi Niliyoipaka Rangi ya Kucha

Nyinyi vijana mnaofika hapa kwangu na kamera mpya shingoni, usingizi umewatoka kwa sababu ya lenzi, kaeni chini. Swali lenu nalijua kabla hamjafungua mdomo. Mnataka kujua kama mnunue lenzi ya orijine, yenye jina lile lile lililoandikwa kwenye kamera, au mchukue adaptabule, ile iliyotengenezwa na watu wengine ili iingie tu kwenye kamera yako. Hapa Likasi tunaziita hivyo kama tunavyoita vipuri vya gari, na fundi wa gari angewajibu huku akifunga boneti. Mimi siwezi. Jibu langu lina bibi mmoja ndani yake, na kwa muda mrefu nilikuwa na sababu ya kunyamaza.

Nianze na mwalimu wangu, Papa Simoni. Studio yake ilikuwa chumba kimoja katika mtaa wa Panda, karibu na kambi za zamani za wafanyakazi, na nyuma ya kiti cha mteja alikuwa amechora maporomoko ya maji yaliyofanana zaidi na pazia lililochanika. Alikuwa mkali. Ukigusa kioo cha lenzi kwa kidole, siku hiyo hupigi picha, unafagia. Lakini kitu kimoja alinifundisha ambacho hata leo, wakati simu inapiga picha na kuipaka poda yenyewe, hakijapitwa.

"Mbele ya kununua, peleka ku dirisha," alikuwa akisema. "Kioo yote inadanganya. Weye uangalie tu inadanganyia wapi."

Maana yake ni hii. Ifunge lenzi kwenye kamera, simama ndani ya chumba, weka dirisha lenye mwanga mkali kwenye kona moja ya picha. Sasa chora kwa akili mstari kutoka dirishani, upite katikati kabisa ya picha, utoke upande wa pili. Huko mwisho wa mstari ndiko utazame. Lenzi dhaifu itakuwekea doa jeupe pale, kwa sababu mwanga umeingia, umegonga vioo vya ndani, ukarudi usikotakiwa. Dirisha likiwa juu kulia, doa litakuwa chini kushoto. Ukisogeza kamera, nalo linasogea. Lenzi za orijine nyingi zimepakwa dawa nzuri ya kuzuia hilo. Adaptabule nyingine zimepakwa, nyingine zimepakwa maneno tu kwenye boksi.

Siwasemi vibaya watengenezaji wa adaptabule. Nimewahi kuwa nayo moja iliyokuwa kali kuliko macho yangu. Mwanga ukiwa nyuma yako, hakuna mchungaji wala profesa angejua tofauti. Tatizo halikuwa lenzi. Tatizo lilikuwa rangi ya kucha.

Ilikuwa hivi. Orijine yangu ilianguka kutoka kwenye pikipiki katika barabara ya Kapolowe, ikabingirika mbele ya lori la madini, na lori halikujua kwamba hapo ndipo palipokuwa na riziki yangu. Nikaenda Lubumbashi, nikapata adaptabule iliyokwisha kutumika. Kwenye kioo cha nyuma ilikuwa na madoa mawili madogo ya kuvu, ile inayoota lenzi ikikaa kwenye unyevu. Niliiweka ndani ya boksi lenye mchele mkavu ili kuvu isiendelee. Huo mchele mke wangu aliupika siku moja bila kujua, tukaula, ukawa na ladha ya begi la kamera, na tangu siku hiyo niliandika juu ya boksi: KAZI.

Kuvu ningeweza kuishi nayo. Ila wateja wa siku hizi wamesoma mambo kwenye simu. Walijua kwamba lenzi nzuri za lile jina kubwa zina mstari mwekundu mbele, na kabla ya kukupa kazi ya harusi wanautafuta huo mstari. Kwa hiyo nilichukua rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, nikafuta jina la adaptabule kwa msasa, nikauzungusha mstari wangu mwenyewe, taratibu, ulimi nje. Ulitoka vizuri sana. Nilijisifu.

Aliyenipa kazi ya harusi ya binti yake Nadine alikuwa Papa Kabange, mchomeleaji wa vyuma kiwandani. Asubuhi ile nyumbani kwake Panda, kabla ya kwenda kanisani, aliichukua kamera mikononi mwangu, akaigeuza kutazama lenzi.

"Papa foto, ii objektifu ni ya orijine?"

"Njo orijine, papa. Haumone mustari mwekundu?"

"Sawa. Sitaki bintu ya adaptabule ku ndoa ya mutoto yangu."

Nikacheka. Na yeye akacheka. Tukaingia sebuleni.

Nadine alikuwa amekaa kwenye sofa na gauni lake, na pembeni yake alikaa nkambo wake, yaani bibi yake, Nkambo Justine, mama yake Papa Kabange. Mwembamba, mweusi, kitenge kipya, rozari mkononi, maana yeye alibaki Mkatoliki hata baada ya mwanawe kuhamia kikundi cha maombi. Shangazi mmoja alitaka kukaa upande wa pili wa bibi, na bibi akamsukuma kwa kiwiko.

"Muache nafasi hapa, ku mukono yangu ya kuume."

Kwangu mimi niliyeshika kamera, hapo ni kushoto mwa picha. Nafasi ilikuwa kubwa, kama jino lililong'oka.

"Nkambo, musogee kidogo," nilisema. "Foto itakuwa na shimo."

"Hapa kuko muntu," alisema, akanitazama bila kupepesa.

Nadine alinieleza kwa sauti ya chini. Nkambo alizaa mapasa, pacha wawili wa kiume: Kyungu na Kabange. Kyungu alikufa akiwa bado hajang'oka meno ya utoto. Kwa watu wa nkambo, unachomfanyia pasa mmoja unamfanyia na mwenzake, awe hai au awe amekufa. Ukimkatia mmoja nguo, unamkatia mwingine kipande. Kwa hiyo siku ya furaha ya Kabange, bibi alikuwa anamwachia Kyungu mahali pa kukaa. Papa Kabange alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Alikunja uso, akatazama saa.

Nyuma ya sofa, juu kulia, kulikuwa na dirisha lililojaa jua. Niliona. Nawaambia ukweli, nililiona, na Papa Simoni alinikoholea masikioni. Lakini nje magari yalikuwa yanapiga honi, kwaya ilikuwa inasubiri, nami nilikuwa nakimbizana na muda. Nikabonyeza.

Kwenye kompyuta yangu, ambayo skrini yake ilikuwa imechoka kuliko mimi, sikuona kitu. Picha zikaenda Lubumbashi kukuzwa, zikarudi ndani ya albamu, nikaipeleka mwenyewe nyumbani kwa Papa Kabange, mchana, watu wamekula na wameshiba. Albamu ikafunguliwa mezani. Walifika kwenye picha ya sofa, wakaiinamia mmoja baada ya mwingine.

Katika ile nafasi, upande wa mkono wa kuume wa bibi, palikuwa na kitu cheupe. Kilikuwa cha mviringo, kimefifia pembeni, na kilifika usawa wa kifua chake, urefu wa mtoto aliyesimama karibu na mtu aliyekaa. Ndani ya ule weupe mlikuwa na vitobo viwili vyeusi, sambamba, pale ambapo macho hukaa.

Nkambo Justine alinyoosha kidole, akagusa karatasi.

"Kyungu," alisema, akatabasamu.

 Mimi niliyejua dirisha, niliyejua madoa mawili ya kuvu, niliyejua mstari unapita wapi, nilihisi baridi kwenye shingo saa nane ya mchana.

Papa Kabange alinigeukia. "Papa foto, ni nini ii?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Lakini ningelisema, ningelazimika kusema pia mstari mwekundu ulitoka kwenye kichupa gani.

"Sijue, papa," nilisema.

Maneno mawili hayo, vijana, ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimewahi kukata vichwa vya maharusi, nimewahi kufungua kamera filamu ikiwa ndani, ubatizo mzima ukaungua. Hayo tulicheka baadaye. Hili sikuwahi kulicheka.

Mchungaji wa kikundi chao aliletewa albamu. Aliuliza swali moja tu: kamera ile ilikuwa nzuri? Papa Kabange alimjibu kwamba lenzi ilikuwa ya orijine, aliikagua mwenyewe. Basi, mchungaji akasema, kioo cha orijine hakiwezi kubuni, kilichoonekana kipo, na bibi ndiye aliyekiita kwa jina, kwa hiyo ni mchawi. Mnaona uongo wangu ulivyopata kazi? Niliutengeneza ili nipate harusi, ukaenda kutoa ushahidi. Wiki ile ile Nkambo Justine alipelekwa Kapolowe, kwenye nyumba ndogo ya matofali ambayo mwanawe aliijenga kwa ajili ya msimu wa mahindi. Aliachwa huko peke yake, na majirani wakaambiwa wasile chakula chake.

Jumapili tatu nilinyamaza. Nilijifungia studio mchana, nikaweka viti viwili mbele ya dirisha, nikajaribu. Doa lilikuja kila mara. Nikisogea kulia linasogea, nikiziba dirisha kwa kitambaa linaondoka, nikifunua linarudi na vitobo vyake viwili. Nilipaswa kutulia, maana kila kitu kilikuwa kama Papa Simoni alivyofundisha. Lakini kukaa peke yako na kitu hicho si mchezo. Siku ya tatu nilijikuta nasema "pardon" nilipopita karibu na kile kiti kitupu.

Nadine ndiye aliyekuja kunitoa. Alikuja na nguo ya nyumbani, hakukaa.

"Papa foto, nkambo anabaki ku Kapolowe ye moya. Bananikataza kuenda kumuona. Unambie kweli: ile kitu ni nini?"

"Ni mwangaza, mama," nilisema. "Na minye ni muongo."

Jumapili iliyofuata, baada ya maombi, niliingia uani kwa Papa Kabange na kamera. Mchungaji alikuwepo, wazee wa familia walikuwepo. Niliomba tuingie sebuleni, kwenye sofa ile ile na dirisha lile lile. Kwenye ile nafasi niliweka chupa ya limonadi, nikapiga, nikawapitishia kamera waone. Doa lilikuwa limeifunika chupa. Nikawaambia wazibe dirisha, nikapiga tena: chupa peke yake. Halafu nikachukua lenzi, nikakwaruza mstari mwekundu kwa ukucha wa kidole gumba mbele yao. Rangi ilitoka vipande vipande, ikaanguka sakafuni.

 Mchungaji alichukua Biblia yake, akaaga. Papa Kabange aliinama, akatazama vile vipande vyekundu.

"Ulinidanganya ku ndoa ya mutoto yangu," alisema. "Na minye nikamufukuza mama."

Alilia, mtu mzima, mikono yake yenye makovu ya moto imefunika uso. Mimi pia nililia. Kesho yake alikwenda Kapolowe kumchukua mama yake, akarudi peke yake. Mama alikataa kurudi.

Mjini niliitwa Papa Adaptabule. Hata watoto wa shule waliniita hivyo nikipita, na nilikuwa nimestahili. Kazi zilikauka. Niliuza pikipiki, nikanunua orijine ya kweli, iliyotoka kwenye boksi lake ikinuka upya, nikaipeleka dirishani kwanza: safi, kona hadi kona. Ile adaptabule niliifungia na mchele wake. Kisha nikapanda gari kwenda Kapolowe kuomba msamaha.

Nkambo alikuwa amekaa nje, mgongo kwenye ukuta wa nyumba, anabangua karanga. Ilikuwa msimu wa mvua, mbingu za kijivu, hata kivuli hakikuwepo. Nilipiga magoti, nikasema yote. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipa karanga.

"Weye ulibaambia hapana muntu pale," alisema.

"Njo vile, nkambo. Ni kioo tu."

"Kabange alikuya kunibeba. Nikamuuliza: na Kyungu? Akasema, mama, Kyungu haiko, papa foto alituonyesha." Alitema ganda la karanga. "Basi minye nabaki. Mu ile nyumba, nafasi yake ilisha kufungwa."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilikuja nikijiona mkombozi wake, kumbe kwake nilikuwa mtu aliyemzika mtoto wake mara ya pili. Niliumia mahali ambapo msamaha haufiki.

"Ulileta ile objektifu ingine?" aliuliza. "Ile yenye kumuonyesha?"

"Hapana, nkambo. Nilileta ii ya kweli."

Alisikitika, nikaona. Lakini alijifuta mikono, akakaa sawa, akasogea kidogo upande mmoja, akaacha nafasi mkono wake wa kuume. Nyuma yake ulikuwa ukuta mtupu wa matofali. Nilimwambia atazame kamera. Wakati nabonyeza, macho yake yaligeuka kuelekea ile nafasi, uso ukafunguka. Nilipiga moja tu, mvua ikaanza.

Niliitazama nyumbani, mezani, kabla ya chakula cha mchana. Nilitazama, nikaenda kunawa uso, nikarudi.

Palikuwa na kitu cheupe upande wake wa kuume. Hapakuwa na dirisha kwenye picha, hapakuwa na jua, lenzi ilikuwa ya orijine na kioo chake hakina kuvu. Nilichora mstari wa Papa Simoni kutoka kila kona, haukutoka kwenye chochote. Na weupe ule haukufika kifuani mwake kama ule wa harusi. Ulifika begani.

Msiniulize. Nimesikia maelezo yenu, unyevu, ukungu wa mvua, pumzi yangu kwenye kioo. Inawezekana. Nimejiambia hayo yote. Lakini fikirieni nilichokuwa nimeshika: ningemwonyesha mtu yeyote wa Panda picha ile, yule bibi angerudi mikononi mwa wale wale waliomfukuza, na safari hii nisingekuwa na mstari wa kukwaruza. Nilitoa nakala moja ndogo, nikampelekea mwenyewe.

Aliishika karibu sana na macho.

"Alirefuka," alisema.

Akaiweka ndani ya kitabu chake cha sala. "Usimuambie Kabange. Ye anaogopaka."

Tangu siku ile kazi ya picha ilinitoka mikononi pole pole. Kila nikipima chumba, nilikuwa natafuta madirisha kwanza na watu baadaye. Basi jibu lenu ni hili: nunueni mnachoweza. Adaptabule ikipita mtihani wa dirisha, iko sawa, na orijine isiyopita ni kopo. Lakini mteja akikuuliza ni lenzi gani, mwambie jina lake la kweli, hata kama kazi itaondoka. Na mtu akikuomba uache nafasi, acha nafasi. Usimwambie kwamba picha itakuwa na shimo.

Nkambo Justine aliishi misimu miwili ya mvua baada ya hapo. Alipofariki, kilio kiliwekwa Panda, uani kwa Papa Kabange, na familia ikaniomba picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza. Picha nzuri ya bibi peke yake nilikuwa nayo moja tu. Niliikata upande wa kushoto, nikautoa ule weupe wote, nikaikuza. Alibaki bibi na ukuta, akitabasamu kuelekea pembeni.

Papa Kabange alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bega lake limegusa jeneza. Aliniita nikae chini karibu naye. Aliinyooshea kidole ile picha.

"Papa foto, mama alikuwa anaangalia nani?"

"Dirisha, papa," nilisema haraka. "Ku ile upande kulikuwa dirisha."

Alitikisa kichwa taratibu, bila hasira.

"Ile nyumba minye njo nilijenga," alisema. "Ukuta ile haina dirisha."

 Alisimama, akashika kiti chake, akakisogeza hatua moja, pakawa na nafasi kati yake na jeneza la mama yake. Shemeji mmoja aliyefika kutoka Tshangalele aliona nafasi, akavuta kiti ili akae. Papa Kabange alinyoosha mkono akamzuia.

"Hapana," alimwambia. "Hapa kuko muntu."